Greda Lililogoma na Ndugu Aliyenyamaza



Kijana mwenzangu, Injili ya leo, Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima, ni Mathayo 5:20-26. Naomba uisome kwanza kwenye Biblia yako, taratibu, halafu urudi hapa. Mimi nitaanza mbali kidogo. Nitaanza na greda.

Nilipomaliza mwaka wa tatu wa falsafa nilikwenda likizo kwa baba yangu mdogo, Njombe. Ni fundi wa mitambo mizito: magreda, vijiko, makatapila, zile mashine za manjano unazoziona barabarani zikitengeneza njia. Ilikuwa mwezi Juni, na kama umewahi kukaa Njombe mwezi wa sita unajua habari yake. Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama bomba la lori. Kazi yangu ilikuwa kumbebea mfuko wa spana. Nilikuwa na falsafa ya miaka mitatu kichwani na grisi hadi kwenye viwiko, na mafundi wenzake walifurahi sana kuniona hivyo. “Frateri, leta spana namba kumi na tisa, usilete Aristotle.”

Jumatatu moja tuliitwa kwenye barabara ya changarawe iliyokuwa ikitengenezwa. Greda limegoma kuwaka. Fomeni alitupokea akiwa amechoka kabisa. Kila asubuhi ni vita, alisema; mchana jua likitoka linaweza kuwaka kwa shida, lakini asubuhi halitaki. Wameshanunua betri mpya mbili. Stata imefunguliwa, imefungwa upya, imerudishwa. Bado. Sasa ofisi inataka kununua stata mpya, na stata ya greda, ndugu yangu, si bei ya stata ya bajaji.

Baba mdogo hakufungua mfuko. Alisimama pembeni mikono nyuma, akauliza maswali kama daktari. Ilianza lini? Wiki tatu hivi. Asubuhi tu au hata mchana? Kabla haijaanza, mlifanya nini kwenye huu mtambo? Fomeni akajibu haraka: “Hatujafanya kitu, mzee.” Baba mdogo akatikisa kichwa, akamwambia opereta apande, ahakikishe gia iko nyutro na breki ya maegesho imefungwa, kisha awashe mara moja tu, sekunde chache.

Injini ikaguna. Nguuu... nguuu... kama mzee anayepanda kilima na gunia. Halafu tak, kimya.

“Umeona nini, mwanangu?” akaniuliza.

Nikasema nimesikia injini inazunguka polepole, kwa hiyo betri hazina nguvu. Jibu la haraka, jibu la mtu aliyesoma. Akacheka. “Nimekuuliza umeona nini. Taa za dashibodi zimefifia?” Hazikufifia. Ziliwaka vilevile. Betri ikiwa imekufa, ukipiga stata taa zinazama pamoja nayo. Zile hazikuzama. Kwa hiyo nguvu ipo, alisema, ila haifiki. Kuna mahali inakwama.

Pale kwenye vumbi akanipa somo ambalo nimelitumia kuliko masomo mengi ya darasani. Mtambo unaogoma kuwaka, alisema, hauna ugonjwa mmoja. Ukigeuza ufunguo ukapata kimya kabisa, usiende kwenye stata. Anza na swichi kuu ya betri, fyuzi, rilei, na ile swichi ya usalama inayozuia mtambo kuwaka gia ikiwa imeingia. Ukipata “tak” moja au mzunguko mzito, shida iko kwenye nguvu nyingi: betri, vichwa vyake, kebo nene, au stata yenyewe. Ukipata injini inazunguka vizuri kwa kasi lakini haiwaki, achana na umeme mkubwa, nenda nyuma kaangalie bomba la moshi. Hakuna moshi hata kidogo? Basi dizeli haifiki: tangi, filta, upepo umeingia kwenye mabomba, au ile solenoidi inayofungua dizeli imekwama. Moshi mweupe unatoka? Dizeli inafika lakini haiungui; baridi, au injini imechoka ndani. “Mtu anayesema ‘haiwaki’ hajaniambia kitu,” alisema. “Aniambie haiwaki vipi.”

Kijana mmoja wa pale, mwenye haraka, akashauri washorti stata kwa spana kubwa, waipitishie umeme moja kwa moja. Baba mdogo alikasirika. Ukishorti stata unaruka ile swichi ya usalama. Kama gia imeingia, mtambo wa tani kumi na kitu unaondoka hapohapo, na wewe umesimama kati ya matairi. Haikuwa mara ya kwanza kumwona akikataa njia ya mkato, lakini siku ile sauti yake ilinyamazisha watu wote.

Basi akatoa mita yake ndogo ya umeme. Greda hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa mfululizo. Akapima betri zikiwa zimetulia: volti 25.2. Safi, zimejaa. Fomeni akasema, si unaona, betri ni nzima. Baba mdogo akajibu kitu ambacho nilikiandika jioni ile kwenye daftari langu la tafakari: betri isiyofanya kazi yoyote husoma vizuri kila siku. Mpime mtu akiwa amebeba mzigo.

Kwa hiyo akapima tena, safari hii opereta akipiga stata. Hakumwacha apige muda mrefu. Hata mtambo mzima haupigwi stata zaidi ya nusu dakika, halafu unaupumzisha dakika mbili hivi ipoe. Kwenye vichwa vya betri: volti 24.1. Kwenye stata yenyewe: volti 14. Volti kumi zimepotea njiani. Zimekwenda wapi?

Mimi nilijua jibu. Kebo nyekundu, ile nene inayotoka chanya ya betri kwenda stata. Kila mtu huanza na hiyo, kwa sababu ndiyo inayopeleka. Akapima kutoka kichwa cha chanya hadi kwenye stata, opereta akipiga: volti 0.4. Karibu hakuna kinachopotea. Kebo nyekundu haina kosa.

“Sasa njoo huku ambako hakuna mtu anaangalia,” akasema. Akapima upande wa kurudi, upande wa ethi. Volti 9.7.

Unajua, umeme hauendi tu. Unakwenda na kurudi. Nguvu inayotoka betri kupitia kebo nyekundu, ikishazungusha stata lazima irudi betri kupitia mwili wa injini, kupitia chesesi, kupitia kebo nyeusi. Na injini ya greda haijagusa chesesi moja kwa moja. Imekalia mipira ili isitetemeshe mtambo wote. Kwa hiyo pana mkanda wa waya uliosukwa, umefungwa bolti moja kwenye injini na bolti nyingine kwenye chesesi. Mkanda huo haumeti, hauna rangi nyekundu, uko chini kwenye matope. Baba mdogo akaingia uvunguni, akafungua bolti ya upande wa chesesi. Chini yake kulikuwa na rangi ya manjano, mpya, nzuri kabisa, na kutu imeanza kujijenga pembeni.

Fomeni akajipiga kichwani. Wiki tatu zilizopita chesesi ilipasuka, ikachomelewa, wakaipaka rangi, wakarudishia mkanda juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hata kebo ya akselereta ilikuwa imeanza kuungua, kwa sababu umeme ukikosa njia yake ya kurudi hautulii. Unatafuta njia nyingine, unapita kwenye kebo nyembamba na beringi ambazo hazikuumbwa kuubeba, unazichoma. Baba mdogo akakwangua ile rangi hadi chuma kikang'aa, akafunga bolti, akapima tena: 0.3. Greda likawaka kwa mpigo mmoja. Kazi yenyewe, bila vipimo, dakika kumi na tano.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akifuata wazo alilolipokea kutoka kwa Dionisi, anafundisha kwamba ili tendo liwe jema lazima kila sehemu yake iwe kamili, lakini ili liwe baya inatosha kasoro moja popote. Nilipata maksi nzuri kwenye swali hilo la mtihani. Maana yake niliielewa uvunguni mwa greda: betri mpya, stata imefungwa upya, dizeli imejaa, opereta hodari, na vyote hivyo havisaidii kitu kwa sababu ya unene wa rangi usiofikia hata ukucha.

Sasa nikwambie kwa nini sikulala usiku ule.

Mwaka mzima wa tatu nilikuwa siwezi kusali. Nilikwenda kikanisani, nilifungua mdomo pamoja na wenzangu, lakini ndani palikuwa palepale: nguuu, nguuu, tak. Na nilifanya kama walivyofanya watu wa lile greda. Nilibadilisha vipuri. Nikahamisha muda wa tafakari kutoka jioni kwenda alfajiri. Nikaanza novena, nikaiacha, nikaanza nyingine. Nikaazima kitabu cha sala, kisha kingine. Nikaenda mkesha wa vijana, nikalia, nikarudi nimewaka kweli, na siku ya tatu baridi ileile. Siudharau mkesha, naupenda. Lakini kubusti betri ni kitu kimoja na kujua kwa nini mtambo hauwaki ni kitu kingine. Hatimaye nikaanza kufikiri labda ni stata yenyewe: labda sina wito, niende nyumbani.

Na kila nilipochunguza dhamiri nilipima upande wa kebo nyekundu tu. Nimesali? Nimefunga? Nimesoma Neno? Nimetoa? Upande wa kupeleka ulikuwa 0.4, karibu hauna kosa.

Baba yetu alipofariki aliacha shamba la miti ya mbao. Alilipanda mwenyewe, mistari imenyooka kama madaftari ya shule. Kaka yangu mkubwa aliiuza ile miti kabla haijakomaa, bila kuniambia. Nilisikia kwa jirani. Nilikwenda nyumbani, na kwenye kikao cha ukoo, mbele ya baba wakubwa na mashangazi, mbele ya watoto wake, nikamwita mwizi. Hakujibu. Alichukua kofia yake akatoka. Nikarudi seminarini na sikuongea naye miezi kumi na minne. Pasaka alinipigia, nikaiangalia simu ikiita mpaka ikakata. Nilikuwa nikipokea Komunyo kila siku.

Na ule umeme haukutulia. Nilikuwa mkali kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza. Nilimfokea mmoja kwa sababu ya ndoo. Ndoo! Nikadhani ni uchovu wa masomo.

Sasa rudi kwenye Injili uliyoisoma. Mstari wa 23 na wa 24. Nimeusikia tangu utotoni, na nilikuwa na hakika unasema hivi: ukileta sadaka yako altareni ukakumbuka kwamba una kinyongo na ndugu yako, basi msamehe kwanza. Nami nilishajibu hoja hiyo. Nilijiambia nimemsamehe kaka, yamekwisha, sina neno naye, ila kila mtu akae kwake. Usiku ule kwa baba mdogo nikaufungua mstari kwa sababu sikuwa na usingizi. Bwana hasemi hivyo. Anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Yeye juu yako! Swali halikuwa kama mimi nimemsamehe kaka miti. Swali lilikuwa ni nini kaka anacho moyoni dhidi yangu, na jibu nililijua: neno “mwizi”, limesemwa mbele ya watoto wake, na mdogo wake, frateri, aliyelelewa kwa jasho lake.

Hapo palikuwa na rangi. Rangi nzuri, ya manjano, mpya: kanzu yangu, darasa langu, msamaha wangu wa moyoni ambao haukumfikia mtu yeyote. Na mahali penyewe si pale nilipokuwa nikipeleka. Ni pale ambapo kitu kilitakiwa kirudi.

Nisimame kidogo hapa, maana najua walimu wangu wa falsafa wangeniuliza: mfano ni hoja? Si hoja. Mtu si greda, na neema si umeme unaopimwa kwa mita. Mungu anaweza kumwasha mtu ambaye waya zake zote zimekatika, na amefanya hivyo mara nyingi. Pia usitoke hapa ukidhani kila ukavu katika sala ni dhambi iliyofichika. Mtakatifu Ignasi wa Loyola anataja sababu tatu za ukiwa wa roho, na ni moja tu kati yake inayotokana na uzembe wetu. Nyingine Mungu anatupima tuone tunampenda kiasi gani bila malipo, na nyingine anatufundisha kwamba faraja ni zawadi, hatuitengenezi sisi. Wakati mwingine ni Njombe tu, ni Juni, ni baridi. Mtambo ni mzima, unahitaji subira. Na kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Kama wiki zinapita hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, tafadhali usijitafutie dhambi. Mwambie padre wako na nenda hospitali umwone daktari. Hilo nalo ni kujua mtambo haujawaka vipi.

Ndiyo maana nasisitiza kupima. Wengi wetu Kwaresima hii tumeshaamua tutabadilisha nini kabla hatujajua kilichoharibika. Tunaacha soda, tunafuta programu kwenye simu, tunajiandikia ratiba. Vizuri. Lakini leo jioni kaa dakika kumi na tano, muombe Roho Mtakatifu mwanga, na uulize kama fundi: ilianza lini? Kabla ya hapo nilifanya nini? Na ukijikuta unajibu haraka “hatujafanya kitu, mzee”, simama hapohapo, usiondoke. Kisha jipime ukiwa na mzigo. Usijipime kanisani ambako kila betri inasoma 25.2, jipime ulivyokuwa jana kwenye daladala, ulivyomjibu mama, ulivyonyamaza jina fulani lilipotajwa. Halafu pima upande wa kurudi: yuko wapi mtu mwenye neno juu yangu? Ukimpata, kitubio kinakusubiri, lakini kitubio hakimpigii simu mtu huyo kwa niaba yako. Padre atakuambia vilevile. Mimi aliniambia.

Nilimpigia kaka asubuhi, kabla hatujaenda kazini. Hakupokea. Nikaona sawa, zamu yangu kuangalia simu ikiita. Jioni nikapiga tena. Akapokea, akanyamaza.

“Shikamoo kaka,” nikasema.

“Marahaba.”

Nikamwambia nilichokuwa nimejiandikia kwenye karatasi, kwamba nilimtukana mbele ya watoto wake na sikuwa na haki, na kwamba nitakuja kusema hivyo mbele ya walewale waliosikia. Sikutaja miti. Ilikuwa ngumu sana kutotaja miti. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani salio limeisha. Kisha akasema sehemu ya pesa ililipa deni la hospitali la baba, na sehemu alinunua pikipiki, na hiyo ya pikipiki alijua si sawa. Akasema na yeye halali vizuri. Halafu akaniuliza kama huko Njombe nina sweta.

Nisikudanganye kwamba yote yalikwisha. Shangazi mmoja mpaka leo anasema nilinunuliwa. Na sala yangu haikuwaka kwa mpigo mmoja kama lile greda. Ilichukua muda, na kuna asubuhi bado inaguna. Lakini Jumamosi ile nilipanda basi nikaenda nyumbani, nikasema nilichoahidi mbele ya watu, watoto wake wakiwa wamekaa kwenye mkeka wananitazama. Baadaye kaka akanipeleka shambani. Visiki vilikuwa vimejaa, vingine vimeanza kuota uyoga. Katikati yake alikuwa amepanda miche mipya, mistari minne hivi, haikunyooka kama ya baba. Kulikuwa na majembe mawili yameegemea kisiki. Akachukua moja, lingine akaliacha pale.